Jumamosi moja kwa mwezi haimtoshi mwanamke wa miaka hamsini

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya. Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Makatibu tawala wa mikoa. Wakurugenzi wa halmashauri. Na kila mwajiri mwenye wanawake wanaoshinda mbele ya kompyuta

YAH: MUDA WA KUKAA, MWENDO, NA MATUMBO YA WANAWAKE WA MIAKA 45 HADI 60

Waheshimiwa, poleni na majukumu.

Mimi ni mtunza kumbukumbu wa masjala katika ofisi moja ya umma jijini Dar es Salaam. Jina la ofisi nimeliacha makusudi, maana ninayoyasema yapo katika ofisi nyingi na sitaki mkuu wangu aitwe kujieleza peke yake. Nimevuka hamsini. Kwa utaratibu wa utumishi naweza kustaafu kwa hiari nikifika 55 na kwa lazima nikifika 60, kwa hiyo bado mna miaka kadhaa ya kunitumia. Barua hii inahusu hali nitakayokuwa nayo katika miaka hiyo, mimi na wanawake wa rika langu walio kwenye viti vya halmashauri, benki, maduka na vyumba vya cherehani.

Nilipoanza kazi, masjala ilikuwa kazi ya miguu. Barua ikiingia unaisajili, unachomoa jalada kabatini, unaipa folio namba, unapanda nalo kwa ofisa, unashuka, halafu unaitwa tena kwa sababu kuna jalada la siri limesahaulika. Tulizilalamikia sana zile ngazi. Leo majalada mengi yanapita kwenye mfumo wa e-Office. Barua inaskaniwa, inatumwa kwa kubofya, na aliyekuwa akipanda ngazi anabaki kitini mpaka saa tisa na nusu. Sipingi mfumo. Jalada halipotei tena, na mwananchi haambiwi arudi kesho kwa kuwa "faili halionekani". Ila siku mfumo unaletwa tulifundishwa kubofya, na hakuna aliyeuliza ile miguu itapewa kazi gani.

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jeremy Morris, na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa zamu nzima, konda akapanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi. Madereva waliugua moyo zaidi kuliko makonda. Walikuwa wanaume watupu katika utafiti ule, na jambo hilo nitalirudia. Lakini kila ninapoukumbuka naiona masjala yetu: tulikuwa makonda, mfumo umetugeuza madereva.

Najua mtanijibu kwamba serikali imeshasema tufanye mazoezi. Ni kweli. Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati ule, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kuwa siku ya mazoezi. Nimeshiriki Jumamosi hizo. Fulana zinagawiwa, muziki unapigwa, mgeni rasmi anakimbia mita chache mbele ya kamera kisha anahutubia. Vikundi vya jogging vimeota kila mtaa, na daraja la Tanzanite alfajiri ya mwisho wa wiki limejaa watu. Hayo ni mema na yaendelee. Tatizo langu ni kwamba sera nzima imebanwa kwenye tukio, na mwili wa mwanamke wa rika langu hauendi kwa matukio. Ushahidi ulionishawishi zaidi katika hilo unatoka tumboni.

Nianze na tumbo lenyewe, maana ofisini kwetu ndilo linalozungumzwa. Wanawake tukibaki peke yetu baada ya chakula cha mchana, utasikia: choo kigumu, gesi, tumbo limejaa kama nimekula ngoma. Yule anafungua kifungo cha sketi chini ya meza. Mwingine anapepea uso kwa bahasha kwa sababu ya joto la ghafla la kukoma hedhi. Anayeuza dawa za unga za "kusafisha utumbo" anapata wateja hapo hapo, kwa mkopo wa mwisho wa mwezi. Nyingi ya hizo, kwa kadiri nilivyoona matokeo yake, ni dawa za kuharisha zenye majina mazuri. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba (TMDA) wakipita maofisini wakiwa wateja wa kawaida watajifunza mengi. Hakuna bakteria mwema anayefaidika kwa mwenye tumbo kuharishwa siku tatu mfululizo.

Ndani ya utumbo, hasa utumbo mpana, tunaishi na bakteria kwa matrilioni. Makadirio ya mwaka 2016 yalisema idadi yao katika mwili inakaribiana na idadi ya seli za mwili wenyewe. Wanakula kile sisi tusichoweza kumeng'enya: nyuzinyuzi za maharage, dona, mchicha, kisamvu, ndizi mbichi. Wakishakula, baadhi yao hutoa asidi iitwayo butireti, na hiyo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotandika ukuta wa utumbo mpana. Ukuta ukilishwa vizuri hukaa imara, na uvimbe wa chini kwa chini, yaani kinga ya mwili kubaki imewaka bila sababu, unaohusishwa na kisukari na magonjwa ya moyo hupungua. Bakteria haohao wana mkono katika homoni ya estrojeni. Ini huifunga estrojeni na kuitoa kupitia nyongo, bakteria fulani huifungua, na sehemu yake hurudi kwenye damu. Kwa mwanamke ambaye ovari zake zinafunga kazi, jambo ambalo kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55, hilo si jambo dogo. Ndio umri huohuo mafuta yanahama kutoka nyongani kuja tumboni, mifupa inaanza kupungua uzito, presha inapanda, na mwajiri ndiyo kwanza anampa cheo chenye kiti kikubwa zaidi.

Kwa miaka mingi tulidhani bakteria hao wanabadilishwa na chakula na dawa za antibayotiki tu. Sasa tunajua kwamba mwendo nao unahusika. Mwaka 2017 watafiti wa Hispania walilinganisha wanawake 19 wenye desturi ya mazoezi na 21 waliozoea kukaa. Wenye mazoezi walikuwa na wingi zaidi wa bakteria watatu wanaosifiwa: Faecalibacterium prausnitzii na Roseburia hominis, ambao hutengeneza butireti, na Akkermansia muciniphila, anayeishi kwenye ute unaofunika ukuta wa utumbo. Wanawake hao walikuwa vijana kuliko mimi, hakuna aliyevuka miaka 40. Kwa rika letu kuna utafiti mkubwa wa Sweden uliotoka mwaka 2024, wa watu 8,416 wa miaka 50 hadi 65, wanawake kwa wanaume. Walivalishwa vifaa vya kupima mwendo, hivyo hakuna aliyeweza kujisifia kwenye dodoso. Aliyekaa zaidi na aliyetembea zaidi walionekana kuwa na jamii tofauti za bakteria, na watengenezaji wa butireti walikuwa upande wa mwendo.

Mtu makini atasema: labda anayefanya mazoezi anakula vizuri pia, na chakula ndicho kilichofanya kazi. Swali la haki. Ndiyo maana utafiti ninaoomba kila mmoja wenu auweke mezani ni ule wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018. Walichukuliwa watu 32 waliokuwa hawafanyi mazoezi, wengi wao wanawake. Wakaombwa wasibadilishe mlo wao. Kwa wiki 6 wakafanya mazoezi ya kuhemesha chini ya usimamizi, siku 3 kwa wiki, kuanzia nusu saa hadi saa nzima. Bakteria wao wakabadilika, na kwa wale wasio wanene kiwango cha asidi kama butireti kikapanda. Kwa wanene mabadiliko yalikuwa hafifu, nami nalisema hilo wazi kwa sababu wengi wetu ofisini tuko kundi hilo. Kisha watafiti wakafanya kitu ambacho wengi hawafanyi: wakawaambia washiriki waache mazoezi na warudie kukaa kwao kwa kawaida kwa wiki 6 nyingine. Mabadiliko mengi yakafutika.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Wiki 6 za kutokea na wiki 6 za kufutika. Tumbo halina akiba ya mazoezi. Jumamosi moja kwa mwezi, ikifuatwa na wiki nne za kukaa saa nane kwa siku, haina jinsi ya kujenga jambo ambalo lilihitaji siku 3 za kila wiki kujengeka. Hesabu hiyo ni yangu. Hakuna aliyepima Jumamosi ya pili ya mwezi kwa darubini. Lakini yeyote anayepanga sera na asikubaliane nayo aniambie kwa njia gani mwili wa mfanyakazi wa masjala utahifadhi faida ya Jumamosi hiyo mpaka Jumamosi ya pili ya mwezi unaofuata.

Kuna habari njema pia, nayo imewapa moyo wenzangu kuliko yote niliyowasimulia. Watafiti wa Finland walichukua wanawake wanene waliokuwa hawafanyi mazoezi, wasiozidi ishirini, wakawaendesha baiskeli ya mazoezi kwa wiki 6. Akkermansia wakaongezeka, na baadhi ya bakteria wanaohusishwa na uvimbe wakapungua, bila hayo kutegemea kupungua kwa uzito. Ni utafiti mdogo, na simwahidi mtu uponyaji. Ila fikirieni wanawake wangapi huacha kutembea baada ya mwezi mmoja kwa sababu mizani ya zahanati haijasogea. Kama wataalamu wa afya katika vituo vyetu wangeambiwa kwamba mizani si shahidi pekee, wangezungumza nasi kwa lugha nyingine kuliko "mama, punguza mwili".

Nije kwenye kukaa kwenyewe, kwa kuwa mazoezi na kukaa ni vitu viwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku 2. Halafu unaongeza jambo ambalo sijaliona kwenye bango lolote la ofisi: punguza muda wa kukaa, na badala yake weka mwendo wa aina yoyote, hata mwepesi. Mwanamke anaweza kukimbia alfajiri na bado akakaa saa tisa zinazofuata. Mwaka 2012 watafiti wa Melbourne waliwakalisha watu 19 wanene wa miaka 45 hadi 65 kwa saa 5 baada ya kuwanywesha kinywaji chenye sukari. Siku walipoinuka kila baada ya dakika 20 na kutembea dakika 2 tu, hata polepole, sukari iliyopanda kwenye damu ilipungua kwa karibu robo ukilinganisha na siku waliyokaa bila kuinuka. Dakika 2 ni muda wa kwenda mpaka mlango wa masjala na kurudi mara kadhaa. Hazihitaji fulana, raba wala mgeni rasmi. Zinahitaji bosi asiyekuuliza "unazurura wapi".

Na hapa sina budi kuwataja ndugu zetu Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, maana dunia nzima imekwenda kuwasoma kuhusu jambo hili na sisi wenyewe hatujasoma majibu. Mwaka 2014 kinyesi cha Wahadzabe 27 kililinganishwa na cha Waitaliano 16 wa Bologna, na Wahadzabe wakaonekana kuwa na aina nyingi zaidi za bakteria. Hata bakteria wa wanawake na wanaume wao walitofautiana, na watafiti wakalihusisha hilo na mgawanyo wa kazi: wanawake huchimba na kula mizizi zaidi. Watafiti wengine wakawavalisha vifaa vya kupima. Wakakuta Wahadzabe hutembea na kufanya kazi ya kuhemesha zaidi ya saa 2 kwa siku, lakini pia hupumzika karibu saa 10 kwa siku, kiasi kinachokaribiana na mtu wa mjini anayekaa sana. Tofauti iko katika mkao. Sehemu ya muda huo wao huchuchumaa au hupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea na kazi. Sisi tunapumzika kwenye kiti chenye mgongo na mikono, ambapo misuli karibu inalala kabisa. Bibi zetu waliokaa mkekani wakipeta mchele walikuwa karibu zaidi na Mhadzabe kuliko walivyo na mimi. Siwaombi mrudishe mikeka maofisini, ingawa magoti yangu yangefaidika.

Mkulima wa Sumbawanga anayeinama na jembe tangu alfajiri hahitaji barua hii, na mtu asiitumie kumhubiria. Shida yake ni nyingine, na pengine ni kupumzika. Naongelea miji, na wanawake wanaohamia kwenye kazi za kukaa kila mwaka. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Angalieni huo umri. Utafiti huo mkubwa, unaorudiwa kila baada ya miaka kadhaa, unamhesabu mwanamke akiwa katika umri wa kuzaa na kumwacha anapofikisha 50, yaani pale mwili wake unapobadilika zaidi. Utafiti wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa 2012, uliochukua watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta zaidi ya robo wana shinikizo la juu la damu na karibu mmoja kati ya kumi na mmoja ana kisukari. Tunajua kwamba tunaugua. Jinsi tunavyoishi kati ya kiti, kitanda na kiti cha daladala ndiyo haijapimwa inavyostahili.

Mwezi Aprili 2025 kulitoka kazi nzuri sana ya watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, katika jarida la Nature Medicine. Watu wa mjini walipewa vyakula vya asili vya Kilimanjaro kwa wiki 2, wa vijijini wakapewa vyakula vya kizungu kwa muda huohuo, na wengine wakanywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Vyakula vya asili na mbege vilipunguza dalili za uvimbe kwenye damu, vya kizungu vikazipandisha. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia habari yoyote ya sayansi kutoka nchini kwetu. Kisha nikaangalia waliopimwa: watu 77, wote wanaume. Tangu London ya 1953 mpaka Moshi ya juzi. Ninawaomba taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa (NIMR), chuo kikuu cha afya Muhimbili (MUHAS), KCMC na tume ya sayansi na teknolojia (COSTECH) yenye mfuko: kazi inayofuata iwe ya wanawake wa miaka 45 hadi 60, wa ofisini, wa sokoni na wa shambani, wavalishwe vipima mwendo, wapimwe kinyesi na damu kwa mwaka mzima ili kiangazi na masika vyote vionekane. Tutajitokeza. Masjala yangu pekee itatoa watu watano bila posho.

Sasa mambo ninayoyataka kwenu wenye sahihi.

Utumishi mtoe waraka unaoruhusu, kwa maandishi, kila mtumishi wa mezani kuinuka na kutembea dakika chache kila nusu saa ndani ya muda wa kazi, na unaomkataza msimamizi kuhesabu huko ni utoro. Bila karatasi hiyo hakuna mwanamke wa cheo cha chini atakayethubutu. Tunaogopa barua za kujieleza kuliko kisukari. Waraka huohuo ukumbushe kwamba kikao cha saa tatu bila mapumziko ni madhara, hata kama kuna maji ya chupa na korosho. Kwa sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 tayari inampa mfanyakazi mapumziko ya walau dakika 60 akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5. Nendeni mkaone mapumziko hayo yanavyoliwa kaunta, mkono mmoja kwenye chapati na mwingine kwenye mashine ya risiti ya EFD. Wakala wa usalama na afya mahali pa kazi (OSHA) wakikagua mitungi ya kuzimia moto, wakague na hilo.

Michezo ya SHIMIWI, ile ya watumishi wa wizara na idara za serikali, siilaumu, tunaipenda na tunaishangilia, lakini isitajwe kuwa jibu. Timu ya mpira wa pete ya wizara ina wasichana wenye kipaji, na sisi wa miaka hamsini tunakwenda kushangilia tumekaa. Ipo pia michezo kama bao na drafti, ambayo nayo huchezwa umekaa.

Barabara ni dawa pia, na hapa nawalenga wakurugenzi wa halmashauri. Mwanamke anaweza kushuka vituo viwili kabla ya ofisi na kutembea, akapata dakika 30 kwa siku bila kuiba muda wa watoto wala wa jikoni. Wengi wetu tunaamka saa kumi alfajiri na tunalala saa tano usiku, hivyo "tenga saa moja ya mazoezi" ni shauri la mtu mwenye mke nyumbani. Ila atembee wapi? Njia ya waenda kwa miguu imekaliwa na bodaboda, mtaro hauna mfuniko, taa zimekufa, na mwanamke mzima akitembea haraka na raba zake anazomewa na vijana, "bibi, unawahi wapi?" Msitumie hoja yangu kuwafukuza wamachinga bila kuwapa pa kwenda, maana baadhi yao ni rika langu na wanakaa juu ya ndoo tangu asubuhi. Kigali wana siku za kufunga barabara kwa magari tangu 2016, watu wanatembea, na wengine wanapimwa sukari palepale. Jambo zuri, lakini kwetu ningeanza na mifuniko ya mitaro.

La mwisho ni vyoo, na nimeliweka mwisho kwa kuwa najua ndilo litakaloonekana la aibu kuliko yote. Mwanamke anayejua choo cha ofisini hakina maji, au hakifungi kwa ndani, au ufunguo wake unashikwa na mhudumu wa kiume, hufanya uamuzi mmoja asubuhi: hanywi maji. Asipokunywa maji hana sababu ya kuinuka. Akipata haja anaibana mpaka nyumbani, saa kumi na mbili jioni akiwa amesimama kwenye mwendokasi, na choo kinakauka ndani. Anayefikisha umri wa kukoma hedhi mara nyingi hutoka damu bila ratiba, na anayekojoa kidogo akikohoa hatakubali kuruka wala kukimbia mbele ya watu mahali pasipo na pa kubadilisha nguo. Mmempa kampeni ya mazoezi na mmemnyima choo. Nimewauliza wenzangu, kwa siri na kwa kicheko, kitu gani kimoja kingewafanya wasogee zaidi kazini. Nilitegemea waseme uwanja, au saa ya ruhusa. Walio wengi walisema choo kisafi chenye maji, chenye komeo, kilicho mbali kidogo na meza.

Kwa hiyo wakati halmashauri na taasisi zinaandaa makisio ya mwaka ujao wa fedha, naomba kila moja iweke kasma, yaani fungu la bajeti, ya vyoo vya wanawake na chumba kidogo cha kubadilishia nguo, yenye kiasi chake na jina la atakayeisimamia. Makatibu tawala wayarudishe makisio yatakayokuja bila kasma hiyo. Waraka wa kuinuka hauna gharama, na unaweza kutoka mwezi huu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtunza kumbukumbu, masjala
Dar es Salaam